Upanga wa Mzee Khalifa

Ijumaa, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, katika nyumba moja ya Muaither, mtaa wa Uarabuni, nesi Jeptoo alikuta kabati la kioo li wazi. Upanga mfupi wa Kijapani, kitu cha kale kilichopendwa kuliko vyote humo ndani, haukuwepo.

Makame, mlinzi kutoka Pemba, alikuwa getini tangu saa kumi na mbili. Hakuna aliyeingia wala kutoka. Basi mwizi yumo ndani, na ndani mna watu wawili tu: Jeptoo, na mwenye nyumba, Mzee Khalifa, anayetembelea kiti cha magurudumu.

Nasser, mwana mkubwa, alitamka kwa simu: upanga usipopatikana kabla yeye na nduguze hawajafika, nesi ataenda polisi, kisha kwao Kenya.

"Funguo za kabati ni mbili," Makame alisema. "Mmoja unao wewe."

"Na ingine iko na Mzee! Kwani nitaiba hiyo kisu nikatie nayo sukuma wiki?"

"Tangu saa moja ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Mzee aliniagiza nipike machbusi, ule wali wao wa nyama, ya watu wanane. Wanane! Na hapa hata mgeni wa kupotea njia hatujawahi kuona."

Makame akaingiza pua kabatini. Karafuu. Mzee huupaka upanga mafuta ya karafuu usishike kutu. Chai ya Jeptoo nayo ilinukia karafuu. Makame akaionja, akakunja uso. Hizi kavu za dukani Al Mansoura, zimezeeka kuliko duka lenyewe. Siyo.

Akaenda chumbani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Mzee Khalifa alikulia Unguja, Kiswahili chake bado kilikuwa laini.

"Mbona blanketi lako linanukia kama ghala la karafuu la Wete?"

"Dawa ya jino. Linaniuma tangu alfajiri."

Makame akatazama glasi kando ya kitanda. Meno yote ya Mzee yalikuwa humo, yametulia majini, hayaumwi na chochote.

"Mzee, Jeptoo atarudishwa kwao."

Mzee akalifunua blanketi, upanga ukaonekana magotini.

"Sikumfikiria yeye. Mwaka jana ilipotea saa yangu, wanangu wakaja wote. Walikaa mpaka Magharibi." Akakichomoa kipini. Kwenye chuma kilichofichwa humo, fundi aliyeufua alikuwa amechonga jina lake na umri: miaka sabini na tisa. "Mzee mzima bado anafua. Unadhani alitaka nini? Chuma ukikipiga, kinakujibu."

Saa saba, baada ya sala, mbele ya wana watatu, Makame alieleza yote: ufunguo wa pili, mafuta, na chakula cha wageni kilichoagizwa kabla wizi haujajulikana. Mzee akakiri. Nasser akamtaka radhi Jeptoo, akauchukua upanga ili akauhifadhi kwake Al Wakrah, usije ukapotea tena.

Kwa Kiarabu Mzee aliona haya kuwauliza wanawe. Akamgeukia Makame kwa Kiswahili, wasichokijua.

"Waulize watarudi lini."

Makame akatafsiri. Nasser alikuwa tayari mlangoni.

"Inshallah," akajibu.

Hilo halikuhitaji mkalimani.