Mikono ya Mama Bunsri

— Duan, nani huyo getini?

— Ni Thon, Baba.

— Thon gani?

— Baba nawe! Kwani tunao Thon wangapi?

Baba akanuna, akaficha mikono yake mapajani.

Ilikuwa Songkran, mwaka mpya wetu Wathai. Siku hiyo wadogo huwaendea wakubwa na bakuli la maji ya asumini, wakawamwagia viganjani na kuomba radhi kwa yote. Mzee akinyoosha mikono, yameisha. Akiikunja, rudi kwenu.

Thon ndiye aliyekuwa anioe. Nyumba zetu zilitumia jiko moja la uani, na mama yake, Mama Bunsri, akiivisha wali wa kunata alimtengea kwanza baba yangu, mjane wa watu, ndipo akamkumbuka mwanawe. Jamani, siku zile! Tulikaa uani tukicheka mpaka mbavu zinauma, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kura yake anampa nani.

Ikaja miaka ya mashati, kila upande wa siasa na rangi yake. Baba akavaa la njano, Thon akavaa jekundu, akapanda lori na wenzake kwenda kuandamana Bangkok. Aliporudi, Baba akamkaripia mbele ya mama yake:

— Nyati wewe, huna akili! Binti yangu humpati!

Posa ikavunjika, jiko likapoa. Thon akahamia mji wa Chiang Mai kutengeneza pikipiki.

Wiki iliyopita nilimtumia ujumbe: "Posa zote nimezikataa. Njoo Songkran umwombe Baba radhi."

Akajibu: "Nitakuja kwa ajili yako. Ila akinikunjia mikono, ndiyo basi, Duan. Sirudi tena."

Sasa huyo hapo, amepiga magoti na bakuli lake, kanenepa kidogo, mzuri vilevile.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba. Leo umekuja na rangi gani?

— Nimekuja na maji.

Baba hakunyoosha mikono. Nikaanza kulia kimyakimya.

— Kabla hujamwaga, niambie. Kule Bangkok walikulipa?

— Hata nauli sikupewa, Mzee.

— Sasa ulifuata nini?

Thon akaweka bakuli chini.

— Mama alipougua figo, hospitali ya wilaya ilimtibu karibu bure. Niliogopa wakitawala wengine watafuta huduma ile, afe. Basi.

— Mbona hukuniambia?

— Uliniuliza?

Baba akalitazama bakuli.

— Mimi niliogopa mtaichoma nchi. Televisheni yangu ilinihubiria hivyo kila jioni.

— Ya kwetu ilisema nyie mnatuona nyati. Nikabisha. Nikasema wewe, Mzee Kham, huwezi. Narudi nyumbani, unaniita nyati.

Wee! Nilidhani Baba atamfukuza. Badala yake akainamisha kichwa.

— Na mama yako alipofariki... nilisikia matarumbeta ya msiba. Nikachungulia, nikaona mashati mekundu yamejaa uani. Nikafunga dirisha.

— Nilikungoja, Mzee. Moto niliuchelewesha mpaka watawa wakanigombeza.

Kwetu maiti huchomwa, na jirani haachi kumsindikiza jirani kwenye moto. Hata mahasimu huja, wakaosha vyombo na kuondoka. Baba hakuja, yeye aliyelishwa na mama yule miaka nenda rudi.

— Duan, lete hilo bakuli.

Nikampa. Baba akashuka kitini kwa shida, akapiga magoti mbele ya Thon.

— Nyoosha mikono.

— Mzee, haifai! Mkubwa hamwombi mdogo!

— Simwombi mdogo. Namwomba Bunsri. Hayupo, na mikono aliyoniachia ni hii yako. Nyoosha, mwanangu, magoti yananiuma.

Thon akanyoosha. Maji yakamwagika viganjani mwake mpaka sakafuni, na wanaume wale wawili wakalia kwa sauti bila aibu. Nami nikalia nao, nampenda huyu, nampenda na yule.

Thon akafuta uso kwa bega.

— Mzee, nisikudanganye. Kura yangu sibadilishi.

— Wala mimi ya kwangu. Nani kakuambia habari za kura? Nakuuliza, binti yangu unamwoa lini?