Gari Limezimika Langoni kwa Wakwe

— Mbona tumesimama? Shangazi aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

Meneja wa mikataba alikodolea macho skrini ya gari: MUDA WAKO WA KUKODI UMEKWISHA. ASANTE, KARIBU TENA.

Gari la umeme, fahari ya kampuni yao changa, lilikuwa limezimika katikati ya lango la wakwe zake watarajiwa. Pua ndani, mkia nje.

— Si gari la kampuni yenu hili?

— Ndilo. Nimelikodi kwa saa tatu tu, kama mteja yeyote. Wewe umemaliza saa nzima ukijifunga kilemba!

— Na aliyeweka sheria ya kulizima ni nani? Kilemba changu?

Aliiweka mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa akibishana na mhandisi wa kampuni, ambaye ni mwanzilishi mwenza na pia mchumba wake. Mhandisi alitaka wauze magari, mtu akinunua liwe lake hadi lizeeke. Yeye alitaka wakodishe tu, betri ikichoka isiwe mzigo wa mteja. Hoja nzuri. Balaa ni kwamba hata uchumba aliuendesha hivyohivyo, mwaka mmoja mmoja kwa makubaliano. Walishaurefusha mara tatu. Juzi mhandisi alimwambia taratibu, "Mara ya nne hakuna." Ndiyo maana leo alikuja kuposa, roho mkononi.

Akaandika ujumbe: "Mpenzi, gari limezima langoni. Liwashe."

Jibu likaja: "Sheria zako haziruhusu. Hata kwa wakubwa."

Baba wa mhandisi akatokea, funguo za gari lake mkononi.

— Kijana, umeniziba njia. Unaingia au unatoka?

— Naingia, Baba.

— Haya, ingia.

Kutoka kulikuwa mteremko. Gari lingeteleza lenyewe hadi barabarani. Kuingia kulikuwa mlima. Akavua koti, akazunguka nyuma, akasukuma.

— Shangazi, shuka basi!

— Na viatu hivi? Sishuki.

Mhandisi alikuwa amesimama barazani, mikono kifuani.

— Umekuja kuniomba kwa muda gani safari hii?

— Hakuna muda! alijibu akihema, jasho likimchuruzika. Moja kwa moja! Niliogopa utanichoka, ndiyo maana kila mwaka nikakuachia mlango wazi. Nakupenda, sitaki tena tarehe ya mwisho!

— Na wateja?

— Wa kununua anunue! Wa kukodi akodi! Njoo usukume!

Mhandisi alishuka akicheka, macho yamemlowa. Akaweka bega lake kando ya bega la mwenzake, wakasukuma pamoja hadi mkia wa gari ukapita lango. Ndipo akatoa simu, akabonyeza mara moja. Taa zikawaka, gari likaanza kupanda lenyewe kuelekea barazani, Shangazi akipiga kelele ndani.

— Kumbe ungeweza kuliwasha tangu mwanzo?

— Tangu mwanzo, alisema, akimfuta jasho kwa kiganja. Nilitaka nione utalisukuma upande gani.