Simu ya Opondo

Jumamosi, soko la Otonglo, Kisumu, lilifurika. Wanawake waligombea nyanya, na boda boda walimpigia honi kila mwenye miguu. Wechuli, kibarua wa kiwanda cha samaki, alisimama mbele ya bango lililochujuka ukutani. Mwanamume mmoja alitabasamu hapo: OPONDO, MWAKILISHI WA WADI, SAUTI YA KIBARUA. Chini palikuwa na nambari. Wechuli akaipiga.

Nyuma yake, hatua tatu tu, simu ikalia mkobani.

"Simu ya Opondo," mwanamke akaitikia.

Wechuli akageuka. Gauni la kitenge cha buluu, shingo ndefu, miwani imepandishwa kichwani. Moyo ulimruka, na asikudanganye mtu kwamba mapenzi hungoja kutambulishwa.

"Mama, natafuta mheshimiwa," alisema, simu ingali sikioni. "Rafiki yangu Khaemba amekatwa vidole na mashine. Wamemwambia asirudi kazini."

"Opondo alikufa, bwana. Lori lilimgonga mwezi mmoja kabla ya kura, miaka minne sasa. Mimi ni bibi yake, Seline. Watu bado wanapiga. Nikizima hii simu, ni kama namfukia tena. Haya, nieleze."

Seline alikisumbua kiwanda mpaka Khaemba akatibiwa na kurudishwa kazini. Vibarua wakamwambia: gombea wewe. Wengi wao walikuwa wa mbali kama Wechuli. Kura wanazo, mtu wa kuwasemea hawana. Akakubali. Wechuli naye hakuwahi kupewa nambari nyingine, basi penzi lao likapita katika simu ya marehemu.

"Simu ya Opondo."

"Jaber, mrembo wangu, ni mimi."

"Kijaluo umefunzwa na nani?"

"Samaki wenu."

"Mtu wa Bungoma, kwenu kuku ndiye mfalme! Mikono iko kwa samaki, roho iko kwa kuku."

"Roho iko kwako, mama."

Seline alicheka, kisha akashusha sauti, akitazama mlango wa chumba cha pili kana kwamba marehemu alikuwa humo anasikiliza. Chumba kilikuwa kitupu, alijua. Hata hivyo aliogopa.

Kampeni zilipopamba moto, Wechuli alizunguka wadi na ndoo ya gundi na mabango ya Seline. Asubuhi moja Seline akajikuta kwenye ukuta ule wa soko, uso wake umebandikwa juu ya uso wa mumewe. Kilichobaki cha Opondo ni sikio moja.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi. Ukuta ni huu mmoja, Seline."

"Umemzika mara ya pili!"

"Kila mkutano ni Opondo alisema, Opondo alitaka. Watu wanampigia nani kura? Hata mimi nikikupigia, napokelewa na yeye!"

"Basi usipige."

Hakupiga. Wiki tatu Seline aliiacha simu ile imewashwa usiku na mchana, akapokea malalamiko ya Kisumu nzima isipokuwa sauti aliyoitaka.

Kwenye mkutano wa mwisho, Dolphine, mkata samaki aliyevaa aproni bado, alinyanyua mkono. "Mama, ya Opondo tumesikia. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Seline alitafuta maneno ya mumewe, hayakuja.

"Mimi," alianza, "nataka mtu yeyote asifanye kazi miaka kumi bila barua ya kazi. Na nisiulize ametoka Bungoma ama Siaya ndio nimtetee."

Watu walipiga makofi. Walipokuwa wakitawanyika, simu ikalia. Aliipokea, akaiweka sikioni.

"Sitafuti Seline leo," Wechuli alisema. "Bwana Opondo, najua unasikia. Nilifunika uso wako bila kuomba ruhusa. Nisamehe. Nimejaribu kubandua karatasi, ikararuka na wewe. Nampenda bibi yako. Nataka kumuoa. Kama hutaki, sema sasa."

Seline naye alisubiri, nywele zikimsisimka, kwa sababu kwa kweli alitarajia jibu. Alisikia pumzi ya Wechuli na upepo wa ziwani, basi. Machozi yakamshuka mpaka shingoni.

"Opondo alikufa, Wechuli," alisema. "Unaongea na Seline. Sasa niulize mimi."