Kochi la Kina Jypara

Kila asubuhi kabla ya shule, Perizat alimshika mtoto wa farasi shingoni, karibu na mamaye, ili baba apate kukamua. Farasi yule hakuachia maziwa asipomwona mwanawe. Maziwa hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba kiangazi chote, na mengine yalichachushwa yakauzwa kando ya barabara iendayo mji wa Naryn. Lakini siku hizi mikono ya Perizat ilikuwa kazini, moyo wake haupo.

"Baba, kina Jypara wamenunua kochi. La bluu, lina vifungo vya dhahabu!"

"Nimesikia. Tangu juzi sisikii kingine."

"Na wakwe wa kaka wakija kututembelea, tutawaketisha wapi? Chini, kama kuku?"

Baba yake, Tologon, hakujua kumkatalia kitinda mimba wake. Jioni akatangaza kwamba Jumapili atampeleka farasi mnadani pamoja na mtoto wake, kochi linunuliwe. Perizat aliruka kwa furaha.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," bibi alionya. Nani amsikilize?

Jumamosi kina Jypara waliwaalika majirani walione kochi lao. Perizat alikwenda na bibi. Kochi lilijaza ukuta mzima, bado limevishwa nailoni ya dukani. Wageni walilisifu, wakaliombea baraka, kisha mmoja mmoja wakaketi chini kwenye magodoro membamba kukizunguka kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni, migongo wameiegemeza kwenye kochi! Mzee mmoja mnene alijaribu kulikalia. Kila alipoinama kuchukua mkate, nailoni ililia chwaa. Mwishowe akateleza hadi chini.

"Huko juu mtu atakufa njaa!" alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Jypara hakucheka. Alimvuta Perizat jikoni, akamwonyesha picha kwenye simu.

"Tazama, sasa yametoka ya kijivu. La bluu limeshapitwa na wakati. Nimemwambia mama tubadilishe."

"Lakini hamjalikalia hata siku moja!"

"Si ndiyo vizuri? Tutaliuza likiwa jipya."

Perizat aliingiwa na hofu: farasi wao angeuzwa kwa kitu cha siku mbili. Alitoka mbio mpaka nyumbani, akamkuta baba anamchana farasi manyoya ya shingo ili apate bei nzuri.

"Baba, usimuuze! Mimi ndiye niliyekusumbua. Nisamehe."

"Na wakwe je?"

"Watakaa chini! Hata kwa kina Jypara watu wanakaa chini!"

Tologon alimtazama, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kusema kweli, yeye pia alikuwa hajalala vizuri tangu aseme neno lile. Mnadani hakwenda.

Wakwe walifika wiki iliyofuata. Perizat aliwatandikia magodoro huku akiwachungulia nyuso. Mama mkwe wa kaka aliketi, akanyoosha miguu, akashusha pumzi.

"Afadhali hapa! Kila nyumba siku hizi tunapangwa juu ya viti kama wagonjwa wa meno. Nimiminie chai, mwanangu."

Perizat alimimina, uso ukimng'aa. Alipopita karibu na bibi, bibi alimshika mkono.

"Umeona, mjukuu wangu? Mwenye duka haanzi kwa kukuuzia kochi. Anaanza kwa kukuuzia aibu ya godoro lako. Ukishainunua aibu hiyo, hakuna kochi litakalokutosha."