Nilifurahi Mwanangu Akilala

Nina miaka ishirini na sita, mama wa mtoto mmoja, niliyekuwa mchuma chai upande wa Itumbe. Wakwe zangu wananiita mwanamke aliyemfunga mtu wa damu yao. Waniite tu! Lakini nyinyi wasomaji wenzangu, nisikilizeni kwanza.

Binti yangu Kemunto alipotimiza miaka miwili, nilianza kumwacha kwa Kwamboka, dada mkubwa wa mume wangu. Nani mwingine ningemwamini? Alikuwa akilea watoto wengine wanne wa wachuma chai, na Sabato hakosi kanisani. Mimi nilitoka alfajiri na kikapu mgongoni, nikarudi jioni nimekwisha.

Hapa ndipo ninapoona haya... Mwaka mzima, kila jioni nilimkuta mtoto amelala. Nikimwogesha, analala. Nikimlisha, anasinzia na ugali mdomoni. Na mimi nilifurahi! Nilikuwa nimechoka, mtoto hasumbui, ningetaka nini zaidi?

Maneno machache aliyokuwa ameyajua yakaanza kupotea. Jirani yangu, mwalimu wa chekechea, akaniuliza, "Mama Kemunto, huyu mtoto hucheza saa ngapi?" Nilimjibu azae wake ndiyo aulize ya wangu. Mwanamke ambaye alikuwa ametafuta mtoto miaka na miaka! Mungu anisamehe.

Siku moja mvua ya mawe ilitufukuza shambani kabla ya saa sita mchana. Nikapitia kwa Kwamboka. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Nikaita... kimya. Watoto watano ndani, na hakuna hata mmoja anayelia! Nilichukua jembe lililoegemea ukuta nikavunja kufuli.

Walikuwa wamelala juu ya magunia, wamelowa mkojo. Nilipomwinua Kemunto, kichwa chake kilianguka nyuma. Alikuwa anapumua kwa shida. Kando yao palikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, ile ya watu wazima, na kijiko. Na Kwamboka? Alikuwa sokoni Kebirigo, anauza ndizi!

Nilipiga nduru. Majirani wakaja, tukawabeba watoto wote kwa bodaboda hadi hospitalini. Wale wanne waliamka jioni hiyo. Wangu alifungua macho siku ya pili. Daktari aliniuliza ni nani aliyempa dawa. Nilimwambia, "Ni mtu niliyempelekea mimi mwenyewe."

Tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, nilikuta wazee wa ukoo wamejaa sebuleni. Kwamboka alikuwa analia, anasema alikuwa anawapa kidogo tu ili apate nafasi ya kwenda sokoni. Mama mkwe akanigeukia.

"Mtoto si amepona? Haya ni mambo ya nyumbani. Kwamboka atatoa mbuzi, tuombe, yaishe."

Mbuzi! Nilimtazama mume wangu Makori. Hakuinua macho. "Ukienda polisi," akasema, "usirudi hapa."

"Sawa, Baba Kemunto. Basi nipishe mlangoni."

Niliondoka na mtoto mgongoni. Askari aliyekuwa zamu kituoni aliniambia nirudi tukazungumze kama familia. Nikakaa kwenye benchi lake, nikamwambia sitoki mpaka aandike. Aliandika! Kati ya mama za wale watoto wanne, watatu waliogopa. Mmoja tu ndiye aliyesimama nami kortini. Alitosha. Kwamboka alifungwa.

Leo nimepanga chumba kimoja mjini Nyamira na ninafulia watu nguo. Ndoa iliishia kwenye ule mlango. Yule mwalimu nilimpigia magoti, akanisamehe, na ndiye anayekuja huku kumfundisha Kemunto kutamka maneno upya. Yanakuja polepole... Daktari hawezi kuniahidi kwamba yatarudi yote.

Juzi Makori alituma ujumbe kwamba nikimwomba mama yake msamaha, nitapokelewa. Msamaha wa nini? Kosa langu ninalijua, na si lile la kwenda polisi. Ni ule mwaka mzima niliouona usingizi wa mwanangu nikashukuru!

Mama mwenzangu, baba mwenzangu, nakusihi usipite nilipopita. Mtoto asiyelia wala kucheza anakuambia kitu. Siku moja acha kazi mchana, urudi bila kumwambia mtu. Hata kama aliyebaki naye ni ndugu. Hata kama huomba vizuri kuliko wewe. Akikasirika kwa nini umekuja kuangalia, mchukue mtoto wako uende. Na wazee wakikuletea mbuzi, waambie wamfunge kwao!