Maji ya Kulowesha Kitambaa

Tr-tr-tr-tr-tr...

Yaya Concilie, dada yangu, hiyo ndiyo sauti iliyoniamsha usiku wa Alhamisi. Mashine ya sinema. Unaijua, uliisikia ulipotoka Bwegera kuja kunitunza nilipojifungua, ukasema ni kama panzi elfu ndani ya debe. Lakini sasa ilikuwa saa nane za usiku. Grupu, ile injini ya umeme, ilikuwa kimya tangu jioni. Na mashine yenyewe haikuwa Uvira tena, Jumatatu ilipakiwa kwenye kamio, lile lori linaloizungusha mji hadi mji, ikaenda Bukavu.

Rénovat alikuwa anakoroma kando yangu. Katikati yetu mtoto alikuwa macho. Alikuwa anautazama ukuta, upande ule inakotoka sauti.

Alikuwa anatabasamu.

Naandika haraka, yaya, utanisamehe mwandiko. Masista walionifundisha wangeniona wangelia. Lazima nimalize kabla ya asubuhi, na lazima nianze na Jumapili, la sivyo utasema nimerukwa na akili.

Wewe sinema yetu uliiona kwa nje tu, matao yale matatu yanayotazama barabara ya ziwa. Mgiriki aliijenga mwaka wa hamsini na moja, matofali ya kuchoma, bati juu, sakafu ya sementi, panka mbili za kuzunguka, viti vya henzirani. Huko wanakaa wazungu. Katikati akasimamisha ukuta, akaacha ndani yake tundu kubwa kama mlango wa kupitisha kamio, na kwenye tundu hilo ndipo kinapotundikwa kitambaa cheupe. Nyuma ya ukuta ni kwetu sisi. Uwanja wazi, mabenchi ya matofali, nyota juu. Nyumba tuliyopewa sisi imeegemea ukuta wa uwanja huo, maana Rénovat ndiye mlinzi na ndiye mtu wa kitambaa.

Filamu ni moja, kitambaa ni kimoja. Wao wanaona mbele, sisi tunaona nyuma. Farasi akikimbilia kuume kwao, kwetu anakimbilia kushoto. Maandishi yanakuja yamegeuka, watu wananipigia kelele, "Madamu, weye uliyesoma, tusomee!" na mimi nasoma kinyumenyume mpaka kichwa kinauma. Na kila mtu kwenye picha anatumia mkono wa kushoto. Kizito, yule fundi baiskeli, husema wazungu wote kwao wanakula kwa kushoto, ndiyo sababu wanahitaji uma.

Sasa picha haipenyi kitambaa kikavu. Lazima kiloweshwe. Kila jioni ya sinema Rénovat anapanda ngazi na ndoo na brashi ya katani, anakipaka maji kuanzia juu mpaka chini. Kikianza kukauka katikati ya filamu, uwanja wote unapaza sauti, "Maji! Maji!" naye anapanda tena.

Jumapili ilikuwa zamu ya ile filamu ya dispensari. Unakumbuka, mwezi wa tano walikuja na mashine wakatupiga picha, sisi mama tuliopeleka watoto kupimwa kilo. Libérate wangu alikuwa na miezi mitatu, hana hata unywele. Alilia kwenye mizani, halafu akachanjwa ndui, mkono wa kushoto. Wote walichanjwa kushoto. Filamu ilienda Ulaya, ikarudi na kamio, na mimi tangu asubuhi nilikuwa kama kichaa kwa furaha. Nitajiona! Nitamwona mwanangu!

Giza lilipoanza kuingia nilimwogesha mlangoni, maji ya vuguvugu na majani ya mulavumba, yale ya dawa ya kifua. Nikamfunga shingoni uzi mpya wenye shanga moja nyekundu.

Maji hayo yana masharti. Mama mkwe wangu, Pudentienne, aliniambia tangu siku ya kwanza. Mpaka mtoto atembee, maji yake ya kuoga yanamwagwa kwenye shina la mgomba ulipozikwa kitovu chake. Hayatoki nje ya uzio. Miezi tisa niliyamwaga pale, lakini moyoni nilikuwa nacheka, mimi niliyesomeshwa vijidudu na masista.

Rénovat akaja anakimbia.

"Mama Libérate! Robine imekauka, haitoi maji! Wazungu wameanza kukaa!"

"Chota ziwani."

"Mugiriki ameyakataa ya ziwa, anasema kitambaa kinanuka ndagala. Ile ndoo iko na maji gani?"

"Ya mtoto."

"Leta."

Niliutazama mgomba, yaya. Hatua kumi. Hatua kumi tu! Nami nikaogopa kuchelewa kujiona kwenye picha.

Nikampa ndoo. Tena nikacheka. "Mama yako asijue."

Uwanja ulijaa. Nilikaa benchi la pili, mtoto mapajani. Harufu ya mulavumba ilishuka kutoka kwenye kitambaa ikatufunika wote, watu wakaanza kupiga chafya na kuuliza nani mgonjwa. Kisha mwanga. Kisha dispensari yetu, imegeuka, mlango upande usio wake. Kelele zilizopigwa! Kila mama akiitwa jina. Halafu mimi, na kitenge changu cha maua, namweka Libérate kwenye mizani.

"Ona mutoto wa Rénovat!" Kizito akapaza sauti. "Banamupima kama mupunga!"

Tulicheka mpaka machozi. Na mtoto kwenye picha alikuwa analia, mdomo wazi bila sauti, anamtazama infirmier, yule muuguzi, kama nilivyokumbuka.

Halafu akanyamaza.

Akageuza kichwa.

Akatutazama sisi. Hakuwatazama wazungu walio mbele yake. Aligeuka ndani ya kile kitambaa kama mtu anayegeuka mlangoni, akanitafuta benchi la pili, akaniona. Na alikuwa na nywele. Shingoni alikuwa na uzi wenye shanga moja.

Ule niliomfunga jioni ile ile.

Mapajani mwangu mtoto akawa baridi... baridi kama nguo iliyotoka kusuuzwa. Nikamkumbatia kwa nguvu. Kitambaa kikawa cheupe kitupu, watu wakaita "Maji!" na Rénovat akapanda. Picha iliporudi walikuwa mama wengine. Mtoto akapata joto tena. Akanyonya. Nikajiambia ni mwanga, ni furaha, ni uchovu.

Jumatatu, wakati kamio inaondoka, nilikuwa namvika nguo. Alama ya chanjo ilikuwa mkono wa kulia.

Nilimgeuza. Nikamgeuza tena. Nikaenda kuchukua karte ya dispensari: mkono wa kushoto, imeandikwa kwa wino. Nikaangalia kisogo, pale nywele zinapozunguka. Zilikuwa zinazunguka kinyume.

"Infirmier alikosea kuandika," Rénovat akasema. Hakunitazama usoni.

"Na nywele? Nywele nazo aliziandika yeye?"

"Acha, mama. Acha tu."

Tangu siku hiyo mtoto hajalia, yaya. Hata kidogo. Ukimpa kitu anakipokea kwa kushoto. Na ukiweka pua shingoni mwake hakuna harufu ya mtoto, kuna harufu ya kitambaa kibichi.

Jumatano nilimwita mama mkwe. Alimfungua nguo, akamtazama mkono, akamtazama kisogo. Alimlaza taratibu kitandani. Kisha akaenda nje kunawa mikono.

"Mukazana wangu," akaniita kwa kunong'ona, mimi mke wa mwanawe, "maji uliyamwaga wapi?"

Nikamwambia.

Alikaa chini pale pale, mavumbini. "Minye sijui mambo ya sinema. Minye iko najua maji tu. Mama yangu alinionyesha pa kumwaga. Hakunionyesha pa kwenda kuyatafuta."

"Na huyu, mama? Huyu ni nani?"

"Munyonyeshe," akasema. "Asijue kama unajua."

Ndiyo sasa urudi usiku wa Alhamisi. Ile sauti. Tr-tr-tr-tr...

Nilijua ni Libérate wangu wa kweli ananiita. Mama angefanya nini? Nilikuwa nimeificha shati yake ya Jumapili, haijafuliwa, bado ina jasho lake na maziwa yaliyomwagika. Niliiloweka ndani ya ndoo na mulavumba. Nikachukua funguo kwenye msumari. Yule mwingine nikamfunga mgongoni, maana nilisema kama kuna kubadilishana, nisije mikono mitupu.

Uwanjani hakukuwa na mtu. Sauti ilikuwa inatoka kwenye kitambaa chenyewe. Nikapanda ngazi, nikachovya brashi, nikapaka. Brashi ilipopita, mwanga ukabaki nyuma yake, hafifu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Sikuona mwanga unatoka wapi.

Mizani. Juu yake mtoto, amekaa, amenipa kisogo. Nywele zinazunguka vizuri. Alama iko kushoto.

"Libérate..."

Kichwa kikatikisika. Alinisikia! Ndani ya ile tr-tr-tr nikasikia kilio chake, kidogo, cha mtoto aliyelia siku nyingi mpaka amechoka.

Nikasema, yuko anatazama upande wa wazungu, nitamwendea huko. Kwenye ukuta kuna mlango wa chuma ambao sisi hatupiti. Nikaufungua. Nikakimbia katikati ya viti vya henzirani, nikasimama mbele ya kitambaa, upande ambao picha iko sawa.

Kisogo.

Nikarudi uwanjani. Kisogo. Nikaenda tena kwa wazungu. Kisogo, yaya! Nikiwa mbele yeye anatazama nyuma, nikiwa nyuma yeye anatazama mbele, naye analia na kunyoosha mikono kwa huyo mama asiyemwona. Nilipita ule mlango sijui mara ngapi. Mara ya mwisho niliona kitambaa kimevimba mahali pamoja, duara dogo, kama ngumi ya mtoto inasukuma. Ilikuwa inasukuma kwenda upande wa pili. Nikakimbilia upande wa pili. Ilikuwa inasukuma kule nilikotoka.

Nikatia brashi kwenye ndoo. Ikakwaruza chini, hakuna maji.

Kitambaa kilianza kukauka kwenye pembe. Giza likawa linaingia kutoka kila upande. Nikajaribu kukilowesha kwa mate. Kwa machozi. Nilikamua maziwa yangu, Mungu anisamehe, nikayapaka kwa kiganja, kikang'aa kidogo tu, ukubwa wa sahani, nikaona shanga nyekundu.

Kisha hakuna.

Tr... tr... tr...

Kimya.

Na mgongoni mwangu, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, mtoto akatoa sauti. Alicheka. Polepole, kama mtu mzima anayejizuia.

Rénovat alinikuta alfajiri, nimekaa kwenye kiti cha mzungu. Alifuta sakafu, akafunga mlango, akaniapisha kwa jina la mama yangu nisimwambie mtu, maana tutafukuzwa, na nani atawapa nyumba watu kama sisi. Ndipo akaniambia jambo ambalo alikuwa amelificha. Mgiriki amechoka na mambo ya maji. Jumatatu ijayo mafundi wanakuja kuziba lile tundu kwa matofali, wapake chokaa nyeupe upande wa wazungu, na huko ndiko picha itakakoonyeshwa. Sisi uwanja wetu utafanywa depo ya pamba. Kitambaa kitakatwa matambara ya kufutia grupu.

Nimeomba tupewe. Mgiriki amesema hapana, ni kitambaa kizuri.

Nimeendelea kuloweka ile shati kila usiku. Haina harufu tena. Kitambaa kinalowa, basi, kinabaki kitambaa.

Yaya, ile kamio wanasema itapita Kamanyola kisha itateremka kwenu Bwegera wakati wa mavuno. Watatundika shuka kati ya miti miwili. Usisimame nyuma yake na mtoto wako. Na ukiniona pale na kitenge cha maua, ukamwona kwenye mizani anatafuta, usimwite jina. Atadhani ni mimi.

Huyu ameamka. Amekaa kitandani, anatazama nikiandika. Miezi tisa, yaya. Macho yake yanafuata mistari yangu, moja baada ya nyingine, kutoka kulia kwenda kushoto.

Sasa amefika mwisho. Amenyoosha mkono ule wa kushoto, ameuweka juu ya midomo yangu. Ni baridi. Ananuka kitambaa kibichi.

Ndiyo, nimemwitikia kwa kichwa. Ni wewe tu, yaya. Sitamwambia mtu mwingine.