Riziki Aliyezaliwa Akijua

Sogeeni, watoto, sogeeni. Mnasikia harufu ya iliki? Inatoka uani kwa kina Riziki.

Riziki ni msichana mdogo. Mdomo wake sasa! Mdomo si mdogo hata kidogo.

Kila Ijumaa jioni Riziki hupika vitumbua na Bibi Mize. Rojo linamiminwa, chwaaa! Kijiti kinageuza, tiki!

Mjomba Haji anakula. Anafuta ndevu. Anauliza, "Riziki, nani kakufundisha?"

"Hakuna!" anajibu Riziki. "Nimezaliwa nikijua!"

Lo! Kumbe alizaliwa na kijiti mkononi. Mkunga hakukiona.

Nani alimshika mkono kijiti kilipomponyoka? Bibi Mize. Nani alikula vitumbua vyake vya mwanzo, vyeusi kama makaa, akasema vitamu? Bibi Mize. Riziki kasahau yote.

Bibi anakohoa kidogo, khe khe.

Ijumaa moja Mjomba alisema, "Jioni namleta mke wangu. Nimemsifia vitumbua vyako mpaka basi!"

Kichwa cha Riziki kikavimba. Mlangoni alipita upande upande.

"Bibi, leo pumzika," alisema. "Mimi nimezaliwa nikijua."

"Haya, mjuzi wangu," alisema Bibi. "Na mimi nimezaliwa nikichoka." Akaketi mkekani karibu na jiko, akampa mgongo.

Riziki akamimina rojo. Chwaaa? Wapi! Pwii.

Akageuza kwa kijiti. Tiki? Wapi! Kitumbua kiling'ang'ania kwenye chuma cha vitumbua. Nusu ikatoka, nusu ikabaki. Moshi ukaanza, fuuu.

Siku zote Bibi ndiye aliyetia mafuta kwenye vishimo vya chuma. Na Riziki je? Wakati huo alikuwa anajitazama kwenye kioo. Leo hakuna aliyetia.

"Hodi! Hodi!" Mjomba huyo, na mkewe.

Riziki akatokwa na machozi. Wageni watakula nini? Moshi?

"Bibi! Bibi!"

Bibi hakugeuka. "Aliyezaliwa akijua anamwita nani?"

"Nakuita wewe! Sikuzaliwa nikijua, Bibi. Nilizaliwa nikilia tu! Wewe ndiye uliyenifundisha. Nisamehe, Bibi."

Bibi akainuka upesi. Kumbe hakuwa amechoka hata kidogo.

Wakakwangua chuma, krua krua. Bibi akamwonyesha, Riziki akatia mafuta, kishimo kwa kishimo. Rojo likaingia, chwaaa! Kijiti kikageuza, tiki!

Mke wa Mjomba akala kitumbua. Akala kingine. "Riziki, nani kakufundisha?"

Jibu la zamani lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Riziki akalimeza.

"Bibi Mize," alisema. "Kanifundisha kila kitu. Leo kanifundisha mafuta. Asante, Bibi."

Bibi akakohoa, khe khe. Macho yake yalilowa. Alisema ni moshi.

Wakati wa kulala, Riziki alimfundisha mdogo wake Kidawa kufunga chandarua. Shusha, vuta, chomeka. Shusha, vuta, chomeka. Alimfundisha mpaka akaweza.

Mama akapita. "Kidawa! Chandarua kimekaa vizuri! Nani kakufundisha?"

"Hakuna!" alisema Kidawa. "Nimezaliwa nikijua!"

Riziki akabaki mdomo wazi.

Na kwenye kitanda cha pili, Bibi Mize akajifunika shuka mpaka kichwani. Akacheka, kwi kwi kwi, mpaka usingizi ukamchukua.